Saa za zamani za marubani: kwa nini wapenzi wake hawataki zing'arishwe

Mwaka 2022, kampuni ya Breitling ya Uswisi ilionyesha hadharani saa ya mkono iliyoliwa na kutu. Ilikuwa haijarekebishwa. Ndiyo saa aliyoivaa Mmarekani Scott Carpenter tarehe 24 Mei 1962, alipozunguka dunia mara 3 katika anga za juu. Chombo chake kilianguka baharini, mbali na mahali palipopangwa, na maji ya chumvi yakaiharibu saa kabla hajaokolewa.

Saa hiyo ni kronografu: ukibonyeza kitufe cha pembeni, mshale mmoja unaanza kuhesabu sekunde huku saa ikiendelea kutembea. Marubani walizitumia saa za aina hiyo kupiga hesabu ya mwendo na mafuta ya ndege.

Leo hii, wanaozikusanya wanatafuta kwanza saa ambayo haijaguswa: uso wa kiwandani hata kama umefifia, mishale yake ya mwanzo, chuma ambacho hakijasuguliwa. Fundi akipaka uso rangi mpya ili mteja afurahi, bei inashuka, kwa sababu amefuta historia ya saa.

Lakini hali hiyo ya mwanzo ina hatari yake, nayo inatugusa sisi Wakongomani. Kabla ya miaka ya 1960, saa nyingi za marubani zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Katika miaka ya 1920, sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa duniani ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, huko Katanga, yaliyosafishwa na Union Minière mjini Olen, Ubelgiji.

Rangi hiyo huacha kung'aa, lakini mionzi inabaki: radiamu huchukua miaka 1.600 hivi kupungua nusu. Saa ikiwa imefungwa, vumbi lake linabaki ndani. Ikifunguliwa na kukwanguliwa, mtu anaweza kulivuta kwa pumzi au kulimeza.

Kwa hiyo, kama babu alikuachia saa ya zamani yenye namba zilizogeuka kahawia, usiifungue kwa kisu nyumbani, wala usimwombe fundi aing'arishe. Iweke mbali na watoto, na umtafute fundi anayeijua radiamu. Hivyo utalinda afya yako, na pia bei ya saa.