Kuchagua Hedifoni Bora ya Kusikilizia Muziki

Leo tutazungumza juu ya hedifoni, yaani chombo kile cha kusikilizia ambacho huvaliwa kichwani na kufunika masikio yote mawili. Somo hili linamhusu hasa mtu ambaye tayari anayo hedifoni ya bei ndogo, naye sasa amepata fedha, pengine baada ya kuuza korosho au ufuta, na anataka kununua iliyo bora zaidi. Fedha hizo ni jasho la msimu mzima. Akienda dukani Lindi au Kilwa Masoko bila maarifa, huenda akarudi na chombo cha bei kubwa kisichomfaa. Basi tujifunze kwanza, tununue baadaye.

Inavyofanya kazi

Ndani ya kila upande wa hedifoni ya kawaida mna sumaku, waya mwembamba uliozungushwa, na utando mfano wa ngozi ya ngoma. Umeme utokao katika simu au redio hupita katika waya ule. Sumaku huuvuta na kuusukuma, nao utando hutikisika pamoja na waya. Utando ukitikisa hewa, sisi tunasikia sauti.

Sikio zima la kijana husikia mitikisiko kuanzia 20 hata 20,000 kwa sekunde moja. Sauti nzito ya ngoma ni mitikisiko michache. Sauti nyembamba ya fidla ni mitikisiko mingi. Hedifoni mbaya hupendelea upande mmoja. Hukuza mshindo wa ngoma hata ukafunika udi, kanuni na maneno ya mwimbaji. Hedifoni njema humpa kila mmoja haki yake.

Hapo zamani hedifoni nyingi hazikuwa za muziki. Zile alizounda Mmarekani Nathaniel Baldwin mwaka 1910 zilinunuliwa na jeshi la wanamaji la nchi yake kwa kazi ya simu za upepo. Mwaka 1958 Mmarekani mwingine, John Koss, alitoa hedifoni ya kusikilizia muziki wa njia mbili, yaani sikio la kulia hupata sauti yake na la kushoto yake. Tangu hapo watu wengi walianza kununua hedifoni kwa ajili ya muziki.

Kwanza tazama muziki wenyewe

Nyimbo nyingi tunazopeana kwa simu zimebanwa sana ili zichukue nafasi ndogo. Wimbo ukibanwa hivyo, sehemu ya sauti hutupwa, wala hedifoni haiwezi kuirudisha. Kadhalika, nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa kwa njia moja tu, zikiwa na mivumo na mikwaruzo. Hedifoni njema ni kama kioo safi: huonyesha uso ulivyo, haiupambi. Basi, kabla ya kutoa fedha, tafuta nakala nzuri ya nyimbo uzipendazo, uzisikilize kwa hedifoni uliyo nayo. Pengine utaona kwamba kilichokuwa kibovu ni nakala, si chombo.

Iliyo wazi na iliyofungwa

Hedifoni ni za namna mbili. Ya kwanza imefungwa nyuma. Hiyo huzuia kelele za nje, na jirani hasikii unachosikiliza. Inamfaa mtu akaaye karibu na barabara au mashine ya kusaga. Ya pili ina matundu nyuma. Sauti yake ni ya uwazi, kama kwamba wapigaji wamekaa mbele yako barazani. Lakini sauti hutoka nje, na kelele za nje huingia. Inamfaa mwenye chumba kimya. Usinunue ya wazi kwa kusikilizia ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam.

Nguvu inayohitajika

Jambo hili huwapotosha wengi. Kila hedifoni ina kizuizi cha umeme, nacho hupimwa kwa omu. Kwa mfano, Sennheiser HD 600, iliyotolewa mwaka 1997 na kusifiwa sana, ina omu 300. Ukiichomeka katika simu ndogo, mara nyingi sauti yake huwa hafifu, mpaka uongeze chombo cha kukuza sauti, nacho kina bei yake. Lakini Beyerdynamic DT 770 huuzwa kwa namna mbalimbali, na mojawapo ina omu 32 tu. Kama utatumia simu peke yake, soma maandishi ya kwenye boksi, uchague yenye omu chache. Angalia pia kama simu yako ina tundu la waya. Nyingi za siku hizi hazina.

Hedifoni isiyo na waya ni rahisi kutumia, lakini ina betri, na betri huchakaa. Ya waya yaweza kudumu miaka mingi.

Hewa ya pwani

Sisi tunakaa pwani. Joto, jasho na hewa ya chumvi huharibu mito ya masikio. Ngozi ya bandia hubanduka vipande vipande, na vyuma hushika kutu. Kwa hiyo uliza: Je, mito inabadilishwa? Waya unachomoka? Vipuri vinapatikana? Hedifoni ya bei kubwa isiyo na vipuri ni hasara.

Namna ya kuijaribu

Chukua nyimbo mbili au tatu unazozijua vizuri sana. Vaa hedifoni kwa dakika kumi na tano au zaidi, uone kama inabana kichwa. Ukilinganisha hedifoni mbili, hakikisha zinalia kwa ukubwa mmoja. Hii ndiyo siri kubwa: sikio la mwanadamu hudhani kwamba sauti iliyo kubwa kidogo ndiyo njema zaidi. Mwuzaji akiongeza sauti ya ile ya bei kubwa, utaipenda bila sababu. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini si kila ghali ni njema. Kutoka hedifoni hafifu mpaka ya bei ya kati, tofauti ni kubwa. Kutoka ya kati mpaka ya bei ya juu kabisa, tofauti hupungua, ijapokuwa bei hupanda sana.

Lindeni masikio

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, isizidi saa 4 tu. Chembe za kusikilia zilizomo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena. Hedifoni huweza kununuliwa nyingine, lakini sikio halina duka.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini hedifoni njema haiwezi kuutengeneza wimbo uliobanwa sana?
2. Ni hedifoni ipi imfaayo mtu akaaye mahali penye kelele?
3. Kwa nini tulinganishe hedifoni mbili kwa ukubwa mmoja wa sauti?