Tuanzie mashineni, si buchani (Sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuatilia asili ya ulaji wa mimea mitupu, tangu Donald Watson na wenzake walipounda chama chao Uingereza mwaka 1944 hadi leo, ambapo vijana wa Dar es Salaam na Kibaha wanaacha nyama, samaki, mayai na maziwa wakitafuta afya. Sasa tuuelekeze mjadala kwa mkazi wa Marui, wilayani Kisarawe, na kwa jirani yake wa Kibaha, maana huko ndiko swali linakopata uzito wake. Hoja ninayoitetea ni kwamba mtu wa huku anayetaka kuishi kwa mimea ili aulinde mwili wake aanzie mashineni kabla ya kufika buchani. Ajiulize kwanza unga anaoula umefanywa nini, mafuta yametoka wapi, sukari inaingia kwake mara ngapi kwa siku. Nyama aiache baadaye akipenda, na akiiacha ajue pengo lake linazibwa na nini. Wengi wanakwenda kinyume. Wanatangaza kuacha nyama, kisha wanaendelea na ugali wa sembe, chipsi, chapati za unga mweupe, chai yenye vijiko vinne vya sukari na soda ya baridi. Vyote hivyo ni mimea. Miezi sita baadaye sukari ya damu iko palepale, na lawama inaangukia mboga za majani ambazo hata hivyo hawakuzila vya kutosha.

Marui haianzi sifuri katika jambo hili. Kwa vizazi vingi mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu kubwa ya Uzaramo, hivyo chakula cha kila siku kilitoka shambani na porini: bada la muhogo, kunde, mbaazi, choroko, mlenda, matembele, majani ya maboga, nazi, na msimu ukifika, maembe. Samaki mkavu au dagaa walikuwepo, lakini kwa kiasi kidogo cha kuongeza ladha. Mapishi yenyewe yalibeba maarifa. Kisamvu, kwa mfano, huchumwa yale majani machanga ya juu, hutwangwa kinuni mpaka yalainike kabisa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu. Kutwanga kunalipasua jani na kuifungua sumu yake ya asili, nao moto unaiondoa pamoja na mvuke. Hapo ndipo linapotiwa tui, au karanga zilizosagwa, na kuwa kitoweo chenye protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani. Anayedai kwamba kula bila nyama ni mtindo wa Wazungu awatazame pia Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao kwa zaidi ya siku 180 za mfungo kila mwaka hawaonji nyama, maziwa wala mayai, na wamejenga juu ya mfungo huo mapishi ya dengu na kunde yanayosifiwa duniani kote.

Kilichobadilika ni nini, basi? Tuingie kwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Mahindi yanaletwa kwa debe, yanaloweshwa maji kidogo, yanapitishwa kwenye kinu cha kukobolea mara moja au mara mbili. Ganda linabanduka na kiini kinatoka nalo, ile sehemu laini ambayo ndiyo ingeota. Punje inayobaki ni wanga mweupe, nao husagwa kuwa sembe. Pumba zinajazwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji, na Kibaha haina uhaba wa mabanda ya kuku wa nyama. Ndani ya viroba hivyo ndimo imo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za mahindi, mafuta yake mazuri, madini ya chuma na zinki, na vitamini za kundi B. Tunawapa kuku sehemu bora ya mahindi yetu, kisha tunawanunua kuku ili turudishiwe sehemu ndogo ya tulichotupa. Kanuni za mwaka 2011 zinavitaka viwanda virudishe baadhi ya virutubishi kwenye unga uliokobolewa, na ni hatua njema, lakini mashine nyingi ndogo za vijijini hazina vifaa vya kazi hiyo, wala unga ulioongezewa virutubishi haurudishiwi nyuzinyuzi zake.

Ushahidi kwamba jambo hili ni zito una historia ndefu katika ukanda wetu. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, na mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, akieleza jinsi kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya mishipa ya moyo yalivyokuwa adimu miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, aliibeba hoja hiyo mbele zaidi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972 yeye na wenzake walionesha kwamba chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita tumboni haraka, na choo chao kilikuwa kizito zaidi kuliko cha Waingereza, kwa sababu walikula nyuzinyuzi nyingi. Hapa Tanzania, utafiti wa McLarty na wenzake uliochapishwa mwaka 1989 ulipima vijiji sita na kukuta kisukari chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64 na kukuta asilimia 9 wana sukari iliyozidi, na takriban robo wana shinikizo la damu. Njia za upimaji na umri wa waliopimwa havikulingana, kwa hiyo tusizitoe namba hizo kama hesabu ya dukani, lakini pengo lake ni kubwa mno kuelezwa na vipimo peke yake. Utafiti huohuo wa 2012 ulionesha kwamba watu 97 katika kila 100 hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Katika nchi ambayo maembe huoza chini ya miti kila msimu, takwimu hii inaumiza.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Atasema wazee wale walitembea na kulima tangu alfajiri, ndiyo sababu hawakuugua. Leo tunapanda bodaboda hata kwenda sokoni, kwa nini tulaumu unga? Ni kweli kwamba Trowell na Burkitt walilinganisha watu wa maisha tofauti kabisa, na kwa njia hiyo huwezi kukitenga chakula na jembe. Ndiyo maana jaribio lililofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025 lina thamani ya pekee. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya na kuwabadilishia wengi wao chakula. Wa vijijini waliozoea vyakula vya asili, kama kiburu cha ndizi na maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili soseji, mkate mweupe, chipsi na mfano wake. Wa mjini walipelekwa upande wa pili. Ndani ya wiki hizo mbili damu ya waliohamia chakula cha kisasa ilionesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaotangulia magonjwa mengi sugu, na chembe zao za kinga zikadhoofika mbele ya vimelea. Kwa waliohamia chakula cha asili, uvimbe ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili si maisha, na wanaume 77 si taifa. Hata hivyo, kilichobadilishwa pale kilikuwa sahani. Jembe lina faida yake, nayo sahani ina yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wanaoijua njaa. Wanasema maskini tayari anaishi kwa mimea, na hakuna afya aliyoipata. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tarime, watu wengi wao wakiwa watoto na wanawake walipooza miguu ghafla na bila kupona, ugonjwa uitwao konzo. Walikuwa wakila muhogo mchungu uliokaushwa kwa haraka wakati wa ukame, karibu bila kitu kingine. Sumu ilibaki kwenye unga, na mwili uliokosa protini haukuwa na malighafi ya kuipunguza makali. Nakubali fundisho hilo lote. Muhogo peke yake si mlo, hata kama ni mmea na haujakobolewa. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 2 hivi, wakati kunde kavu za uzito huohuo zina takriban 23. Kunde, mbaazi na choroko zinastawi Kisarawe kwa mvua ya kawaida. Protini yake imepungukiwa na kirutubishi kimoja, methionini, ambacho nafaka na hasa ufuta vinacho kwa wingi. Ufuta huo tunaulima Pwani, kisha karibu wote unaondoka kwa magunia kwenda ng'ambo. Kilo mbili tatu zikibaki nyumbani kila msimu, zikakaangwa na kutwangwa ndani ya kunde, mlo wa bada unakuwa kitu kingine kabisa.

Wapo watakaonikumbusha utafiti wa Lugalawa, na nisingependa mtu awakumbushe wasomaji wangu kabla yangu. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1996, uliwalinganisha wanavijiji wa Ludewa wanaoishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki, na wenzao wa milimani wanaokula mimea tu. Wala samaki ndio waliokuwa na shinikizo la damu la chini na mafuta bora katika damu. Matokeo hayo yanawaudhi wanaohubiri kwamba mimea mitupu inashinda kila kitu, lakini mimi yananisaidia, kwa sababu sikusema samaki ni adui. Anayewaacha dagaa kwa ajili ya dhamiri yake au imani yake, kama wafanyavyo baadhi ya Waadventista, ambao kanisa lao lilifika milima ya Upare mwaka 1903, ana sababu yake njema. Asiseme tu kwamba sayansi imemwamuru.

Akishaamua, kuna jambo moja asilolifanyia mzaha: vitamini B12. Mmea hauitengenezi. Haimo kwenye mlonge, haimo kwenye mlenda wala uyoga, hata wauzaji wa unga wa majani waseme nini. Wazee wetu waliipata kwa wale dagaa wachache, kwa yai la kuku wa kienyeji, kwa mnyama wa mawindo, na kile kiasi kidogo kilitosha, maana mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anaacha vyakula vyote vya wanyama, anajisikia mwepesi mwaka wa kwanza na wa pili, anawashuhudia wenzake, kisha nyayo zinaanza kufa ganzi, kumbukumbu inafifia, damu inapungua. Mishipa ya fahamu iliyoharibika kwa muda mrefu huenda isirudi. Kwa hiyo mla mimea mitupu wa Marui ameze vidonge vya B12 au ale chakula kilichoongezewa vitamini hiyo, na akienda kituo cha afya amwambie mganga wazi anavyokula. Kuna watakaosema chakula kinachohitaji kidonge si cha asili. Chumvi yetu inatiwa madini joto kwa sheria, na watoto wetu wameepushwa na madhara makubwa kwa ajili hiyo. Sioni aibu ya kidonge kimoja.

Madini ya chuma yanahitaji akili zaidi kuliko dawa, hasa kwa wanawake, ambao zaidi ya wanne kati ya kumi nchini wana upungufu wa damu. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa papo hapo baada ya ugali na maharage huzidisha shida hiyo. Chai isogezwe saa moja au mbili. Maharage na kunde vilowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Kipande cha chungwa, embe au maji ya ndimu juu ya mchicha huongeza kiasi kinachoingia mwilini. Nazi nayo ina mafuta yanayopandisha lehemu, kwa hiyo tui jepesi linafaa siku za kawaida, na tui zito libaki la sikukuu.

Linabaki suala la sumukuvu, nalo linagusa kiini cha hoja yangu, kwa sababu kuvu wake hupenda ganda na kiini cha punje, sehemu zilezile ninazowasihi watu wasizitupe. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo, na anayetumia hoja hii kutetea sembe hakosei. Lakini sumukuvu huanzia shambani na ghalani: mahindi yaliyochelewa kuvunwa, yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu, yaliyofungwa magunia yangali na unyevu, katika hewa ya Pwani isiyokauka. Anayetaka dona, yaani unga usiokobolewa, iliyo salama aanike juu ya turubai au kichanja, achambue punje zilizobadilika rangi, ahifadhi penye hewa kavu, na asage kidogo kidogo kwa matumizi ya wiki mbili, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha upesi. Karanga zilizokunjamana zisipelekwe kinuni hata zikiwa za bei nafuu. Hayo ni ya watu wazima. Mtoto wa miezi sita na mama mjamzito hawaongozwi kwa hesabu hizi, na wiki ijayo tutawashughulikia wao peke yao.