Akija Mkadiria Hasara, Muulize Ametumwa na Nani

Ndugu msomaji, nyumba ikiungua au kubomolewa na tufani, majirani ndio wanaofika kwanza. Baada yao huja ndugu wa mbali, na baada ya ndugu huja mtu mmoja mwenye kamera, futikamba na makaratasi. Mtu huyo huongea kwa upole, hutoa pole, hupima kuta, huhesabu viti na vitanda, kisha huenda zake. Siku chache baadaye huwasili barua ya kueleza kiasi cha fedha ambacho kampuni ya bima iko tayari kulipa. Wengi wetu huisoma barua hiyo kana kwamba ni hukumu iliyotoka mahakamani. La hasha! Hiyo si hukumu. Ni bei ya kwanza iliyotajwa na upande mmoja, na upande wa pili nao una haki ya kutaja ya kwake.

Leo twapenda kueleza jinsi haki hiyo inavyotumika katika nchi ya Marekani, ambako majimbo mengi yanamruhusu mwenye mali kumwajiri mkadiria hasara wa kwake mwenyewe, mwenye leseni, ili amsimamie mbele ya kampuni ya bima. Huenda ukauliza, mambo ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Watanzania na Wakenya wengi wameweka makazi Houston na Dallas, na wapo Wakongo na Warundi waliojenga maisha mapya katika majimbo ya kati ya nchi ile. Nyumba ya mwana aliye ughaibuni ikiporomoka, karo ya mdogo wake aliye huku nyumbani nayo hutetereka.

MAJI NDANI YA KUTA

Tuchukue mfano wa Texas, Februari 2021. Baridi isiyo ya kawaida ililikumba jimbo lile, na zaidi ya nyumba milioni 4 zikakosa umeme. Maji yaliganda ndani ya mabomba, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, mabomba yakapasuka. Baridi ilipopungua, maji yalimwagika darini na ndani ya kuta. Dari zilianguka, mazulia yakaloa, nyaya za umeme zikaharibika.

Hasara ya namna hii ina sehemu inayoonekana na sehemu iliyojificha. Doa la darini huonekana na kila mtu. Lakini pamba ya kuzuia baridi iliyoloa ndani ya ukuta, mbao za sakafu zitakazovimba baada ya wiki mbili, na ukungu utakaoota gizani, havionekani na mtu aliyekaa nyumbani humo nusu saa tu. Hapo ndipo makadirio ya watu wawili waaminifu yanapoweza kupishana kwa maelfu ya dola. Na hapo ndipo inapofaa kujua kila mmoja wao anamtumikia nani.

WATU WATATU, JINA MOJA

Nchini Marekani wako wakadiria hasara wa aina tatu, na wote huitwa kwa jina lilelile.

Wa kwanza ni mfanyakazi wa kampuni ya bima, anayelipwa mshahara nayo. Wa pili huitwa mkadiria wa kujitegemea. Jina hili limewapotosha wengi, kwa maana maskini mwenye nyumba hudhani huyu hana upande. Kwa kweli huyu naye hulipwa na kampuni ya bima, ila kwa kila kazi anayopewa badala ya mshahara wa mwezi. Wa tatu huitwa mkadiria wa umma. Naye pia jina lake lapotosha, kwani si mtumishi wa serikali. Ni mtu binafsi aliyepewa leseni na jimbo, anayeajiriwa na mwenye mali, na anayepaswa kumtumikia mwenye mali peke yake.

Hatusemi kwamba wale wawili wa kwanza ni wezi. Wengi wao hufanya kazi yao kwa haki. Lakini baada ya tufani kubwa, mtu mmoja hukabidhiwa nyumba nyingi kwa siku chache, na mwenye haraka husahau mengi. Isitoshe, mtumwa husema aliyotumwa.

KAZI YAKE NI IPI?

Mkadiria wa mwenye mali huanza kwa kuusoma mkataba wa bima neno kwa neno. Kisha huikagua nyumba chumba kwa chumba, huandika orodha ya kila kilichoharibika pamoja na bei yake, huwasilisha madai, na kujadiliana na kampuni mpaka mwafaka upatikane.

Katika mkataba yako maneno mawili yanayofaa kujulikana na kila mwenye bima. Iko bima inayolipa gharama ya kununua kitu kipya, na iko bima inayolipa thamani ya kitu kwa hali kilivyokuwa siku ya ajali. Tuseme zulia linalouzwa dola 2,000 lilitarajiwa kudumu miaka 10, nalo limeshatumika miaka 5. Bima ya kwanza hulipa dola 2,000. Bima ya pili hulipa dola 1,000. Na hata ile ya kwanza, aghalabu kampuni hutoa kwanza zile 1,000, na salio hulitoa mwenye nyumba akishanunua zulia jipya na kuonyesha risiti. Familia nyingi huipokea hundi ya kwanza, zikadhani ndiyo yote, na salio likapotea kwa kutodaiwa.

PIGA HESABU KABLA YA SAHIHI

Je, kumwajiri mtu huyu kuna faida? Januari 2010 ofisi ya utafiti ya Bunge la Florida ilitoa taarifa juu ya madai yaliyopelekwa kwa shirika la bima la jimbo lile. Kwa madai ya vimbunga vya mwaka 2005 yaliyowasilishwa mwaka 2008 na 2009, malipo ya kawaida kwa aliyekuwa na mkadiria wake yalikuwa dola 17,187, na kwa asiyekuwa naye dola 2,029. Tofauti ni kubwa, lakini isikulevye. Mwenye hasara kubwa ndiye mwenye hamu ya kutafuta msaada, kwa hiyo makundi hayo mawili hayakuanza sawa. Hali kadhalika, madai yenye mkadiria huchukua muda mrefu zaidi kumalizika.

Mkadiria hulipwa kwa asilimia ya fidia. Sheria ya Texas haimruhusu kupata zaidi ya asilimia 10. Florida huruhusu hadi asilimia 20, lakini kwa maafa yaliyotangazwa kuwa ya dharura huishusha iwe 10 katika mwaka wa kwanza.

Sasa tazama, msomaji. Tuseme kampuni imeshakuahidi dola 30,000. Unamwajiri mkadiria, naye anaifikisha fidia dola 40,000. Ukimlipa asilimia 10 ya fidia yote, yaani 4,000, unabaki na 36,000. Umefaidika. Lakini akiifikisha 32,000 tu, atachukua 3,200, nawe utabaki na 28,800, pungufu ya zile ulizokuwa umeshaahidiwa! Hapo umelipa ili upate hasara ya pili.

Kwa ajili hiyo, kama kampuni imekwisha kutaja kiasi, mwombe mkadiria akubali kuandika katika mkataba kwamba asilimia yake itahesabiwa juu ya nyongeza peke yake. Mwenye kujiamini atakubali kulizungumza jambo hili. Akikasirika kwa kuulizwa, mshukuru na umfungulie mlango. Na ikiwa hasara yenyewe ni ndogo na wazi, kwa mfano dirisha moja na mapazia, hapana haja ya kumwita. Andika barua yako mwenyewe, ambatanisha picha na risiti, ulipwe.

SHERIA NI NGAO

Penye msiba hapakosi walafi. Mara baada ya dhoruba, watu hubisha hodi mlangoni wakiwa na kalamu mkononi. Majimbo yameliona jambo hilo na kuliwekea mipaka. Kule Florida mkadiria haruhusiwi kutafuta wateja siku ya Jumapili, na siku nyingine ni kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Kule Texas aliyetia sahihi mkataba anaweza kuuvunja kwa maandishi ndani ya saa 72. Na ikiwa kampuni ya bima, ndani ya saa 72 tangu ilipopewa taarifa ya hasara, italipa au kuahidi kwa maandishi kulipa kiwango cha juu kabisa cha bima, mkadiria hawezi kudai asilimia yake. Atalipwa muda alioutumia tu.

Kinga nyingine ni kwamba Texas hairuhusu mkandarasi kuwa mkadiria wa hasara ya nyumba ileile anayoitengeneza. Sababu yake ni dhahiri. Anayepima ugonjwa na kuuza dawa ataona wagonjwa kila mahali. Kampuni moja ya kuezeka paa ilipinga sheria hiyo mahakamani, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Texas ilikataa hoja zake. Kwa hiyo fundi anayekuambia, “Tia sahihi hapa, mimi nitamalizana na bima,” mwulize leseni yake. Kisha usiridhike na kadi aliyokuonyesha. Ihakikishe leseni hiyo kwa idara ya bima ya jimbo lenyewe.

ASICHOWEZA KUKIFANYA

Mkadiria hodari hawezi kuumba bima isiyokuwapo. Agosti 2017 kimbunga Harvey kiliizamisha sehemu kubwa ya Houston, na maelfu ya familia ndipo zikagundua kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ni mkataba wa peke yake, ambao serikali ya Marekani iliuanzishia mpango mwaka 1968. Kwa nyumba ya familia moja mpango huo haulipi zaidi ya dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo.

Vilevile wapangaji wasijidanganye. Bima ya mwenye nyumba hulinda jengo lake, wala haigusi kitanda chako. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali ulibomoa sehemu kubwa ya mji wa Cedar Rapids, Iowa, na wakimbizi kutoka Kongo na nchi jirani walilala kwenye mahema nje ya nyumba za kupanga zilizovunjika. Asiye na bima yake mwenyewe ya mpangaji hana cha kukadiriwa.

NA HUKU NYUMBANI?

Tanzania nayo ina wakadiria hasara, na chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Aghalabu mkadiria anayekuja kwako ameagizwa na kampuni, basi swali letu la leo lafaa kuulizwa Temeke sawa na Houston. Asiyeridhika na jibu la kampuni anayo njia ya kulalamika kwa Mamlaka, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria hiyohiyo.

Ndugu msomaji, usingoje moshi ndipo utafute maji. Wiki hii, wewe na wa nyumbani mwako, pigeni picha kila chumba, wekeni risiti mahali pamoja, na nakala ya mkataba wa bima iwe kwa ndugu mnayemwamini. Mwandikie na mwanao aliye mbali afanye hivyohivyo. Ajali ikitokea, zuia hasara isienee, funika paa, funga maji, lakini usitupe kilichoharibika kabla hakijapigwa picha na kukaguliwa. Na mtu mwenye futikamba akifika, mkaribishe kwa heshima, mpe kiti, kisha umwulize kwa upole ametumwa na nani. Mali iliyopatikana kwa jasho haifai kupotea kwa haya ya kuuliza swali moja.