Tuache kusema "ni mafua tu"

Kila kipupwe kikiingia, mtaani kwetu hapa Mji wa Kale hukosi nyumba yenye mtu anayekohoa. Nasi jibu letu ni moja: "Ni mafua tu, yatapita." Mwaka jana mimi mwenyewe nilimwambia hivyo mamangu, mwenye miaka 74 na maradhi ya sukari. Nikamnunulia antibayotiki dukani, nikamchemshia tangawizi. Siku ya nne akaanza kumwita marehemu baba, pumzi zikawa za juu juu. Tulimkimbiza hospitali, akakaa kwenye oksijeni siku sita. Alhamdulillahi, alirudi nyumbani. Lakini niliyoelezwa na daktari sikuona vyema nikae nayo peke yangu.

Kwanza, mafua ya kawaida na influenza si kitu kimoja. Mafua huja polepole, pua ikichuruzika. Influenza huvamia ghafla: homa kali, kichwa, viungo kuuma, kikohozi kikavu, hata kuinuka kitandani ni kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka.

Pili, wazee ndio huumia zaidi kwa sababu kinga ya mwili hupungua na umri. Virusi huharibu njia ya pumzi, bakteria wakapata upenyo, ikawa nimonia. Mwenye sukari, pumu au maradhi ya moyo, hayo nayo huchacha. Na mzee huenda asipate joto kali. Dalili yake ikawa kukataa chakula, kuanguka, au kuchanganyikiwa kama alivyofanya mamangu.

Tatu, antibayotiki haziui virusi. Hufaa iwapo bakteria wameingia, na wa kuamua hilo ni daktari, si mimi wala muuza duka. Dawa ya influenza yenyewe ipo, yaitwa oseltamivir, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku hizo mbili mimi nilizipoteza kwa tangawizi.

Ipo pia chanjo. Hudungwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, na mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kinga. Haizuii kila ugonjwa, lakini hupunguza ule mkali. Serikali ya Saudia huwahimiza mahujaji waipate kabla ya safari. Basi mzee aliyebaki nyumbani naye ana haki ya kuulizwa kama ameipata.

Ukiona mzee anapumua kwa shida, kifua chamuuma, maneno yake hayaeleweki, au homa iliyoshuka imerudi kwa nguvu, usingoje asubuhi. Dini yetu imetutaka tujitibu, na dua haikatazi kwenda hospitali.

La mwisho ni dogo. Mjukuu mwenye mafua asimbusu nyanya yake mkono. Na amwamkie kutoka mlangoni. Hiyo nayo ni heshima.