Anayekupa zawadi hakutozi kwanza: Jihadhari na tovuti zinazogawa sarafu mtandao

MKULIMA wa Simbo anayetaka miche bora ya michikichi anajua pa kuanzia. Atamwona ofisa ugani wa kata, au ataulizia kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, hapa hapa mkoani Kigoma. Hatampa fedha mtu asiyemjua aliyesimama njia panda na miche isiyojulikana ilikotoka, kwani kosa hilo ataligundua baada ya miaka mitatu hivi, wakati jirani zake wameanza kuvuna.

Kwa bahati mbaya, uangalifu huo mara nyingi husahaulika mtu anaposhika simu. Kupitia WhatsApp, Facebook na Telegram husambazwa ujumbe kwamba tajiri fulani wa Marekani anagawa Bitcoin bure. Ukifungua tovuti iliyotajwa, unakuta picha ya tajiri huyo, nembo ya kampuni yake, saa inayohesabu dakika zilizobaki na orodha ndefu ya watu wanaodaiwa kwamba wamekwisha kulipwa. Sharti ni moja tu: utangulize kiasi fulani cha sarafu ili kuthibitisha anwani yako, nawe utarudishiwa mara mbili.

Hakuna anayerudishiwa. Picha, saa na orodha hiyo vyote vimetengenezwa na matapeli.

Sarafu mtandao, ambayo Bitcoin ndiyo maarufu zaidi, ni fedha isiyo na noti wala sarafu ya kushika mkononi. Huhifadhiwa kwenye pochi ya kielektroniki na kutumwa kwa mtandao kutoka anwani moja kwenda nyingine. Muamala ukishathibitishwa haufutiki, na Bitcoin haina makao makuu ya kupigia simu ili fedha zirudishwe. Aidha, anwani ya mpokeaji ni mfululizo wa herufi na tarakimu usioonyesha jina la mtu. Ndiyo maana matapeli wanaipenda.

Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania iliutahadharisha umma kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Mwaka 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Wapo wanaotumia habari hiyo kudai kwamba Serikali sasa imezidhamini. Sivyo. Kutoza kodi si kumdhamini mwenye biashara, na anayetapeliwa hafidiwi na mtoza kodi.

Asidhani mtu kwamba wanaonaswa ni watu wa vijijini peke yao. Julai 15, 2020, wahalifu waliingia katika akaunti za Twitter za watu mashuhuri, wakiwamo Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk. Waliandika kwamba atakayetuma Bitcoin za dola 1,000 angerudishiwa dola 2,000, na kwamba nafasi hiyo ni ya dakika 30 tu. Kwa saa chache walikusanya zaidi ya dola 100,000. Aliyebainika kuwa kinara alikuwa kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida, na mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Nasi Watanzania tuna historia yetu. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, iliyowaahidi watu kwamba "mbegu" ya fedha waliyopanda ingezaa maradufu. Walioingia mapema walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliochelewa wakabaki na stakabadhi. Matapeli wa tovuti za zawadi ni wabaya zaidi, kwani hata wa kwanza hawamlipi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mama mkamuaji wa mawese ana mtaji wa shilingi 200,000 wa kununulia chikichi. Kama kweli kungekuwa na mtu awezaye kuzifanya fedha ziwe maradufu kila saa, basi 200,000 hizo zingefika shilingi milioni 204.8 baada ya saa kumi. Mtu mwenye uwezo huo angezihitaji za nini shilingi 200,000 za mama wa Simbo?

Mama huyo akizituma, hasara yake haiishii kwenye 200,000. Hatanunua chikichi, kwa hiyo hatakuwa na mafuta ya kupeleka sokoni wala mise ya kuuza. Atakopa kwa riba ili aanze upya, na faida ya msimu itaishia kwa mkopeshaji. Mchuuzi wa dagaa naye yumo hatarini, hasa wakati wa mapumziko ya uvuvi kama yale ya Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 katika Ziwa Tanganyika. Mtu asiye na kipato ndiye mwepesi wa kuamini.

Dalili za kuangalia ni hizi:

Kwanza, unadaiwa utangulize fedha, iwe sarafu mtandao au malipo ya simu, kwa jina la ada, kodi au uthibitisho. Ukiona hili, huna haja ya kutafuta dalili nyingine.

Pili, unaharakishwa. Matapeli hawataki upate muda wa kumuuliza mwenzako.

Tatu, jina la tovuti linafanana na la kampuni inayojulikana, lakini lina herufi iliyoongezwa au kubadilishwa. Alama ya kufuli juu ya ukurasa haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti.

Nne, kuna video ya mtu mashuhuri akiahidi zawadi kwa sauti yake. Siku hizi kompyuta huweza kuigiza sura na sauti ya mtu yeyote.

Tano, unaombwa maneno ya siri 12 au 24 ya pochi yako, au uiunganishe pochi hiyo na tovuti yao. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye fedha. Usimpe mtu yeyote.

Ukiwa umekwisha kutuma, usiongeze hata senti kwa anayedai atakurudishia zilizopotea kwa ada ndogo. Huyo ni tapeli wa pili. Kama ulilipa kwa simu, pigia kampuni yako ya simu mara moja, kabla fedha hazijatolewa. Hifadhi ujumbe wote, kisha ukaripoti polisi, kwani ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya simu ya tapeli iripoti kwenda 15040.

Kwa vikundi vya kuweka na kukopa, jambo hili lisiachwe kwa mweka hazina peke yake. Wekeni kanuni kwamba fedha za kikundi hazitumwi popote kabla wanachama watatu hawajauona ujumbe unaoziomba na kukubaliana. Ofa ya kweli haitaharibika kwa kusubiri kikao cha wiki ijayo. Isiyoweza kusubiri, iacheni ipite.