Rafu ya meko inapovishwa rangi za taifa

KILA mwaka ifikapo Julai 4, Wamarekani huadhimisha siku ambayo Azimio la Uhuru wao lilipitishwa jijini Philadelphia mwaka 1776. Barabarani huwa na gwaride, na usiku angani huwa na fataki. Ndani ya nyumba nyingi, mapambo huwekwa juu ya rafu ya meko ya kuotea moto, pale sebuleni.

Huenda msomaji akauliza kwa nini meko yapambwe ilhali Julai ni kilele cha kiangazi na hakuna anayeota moto. Sababu ni kwamba hata yakiwa baridi, meko hayo hubaki kitovu cha sebule. Viti aghalabu huyaelekea, na rafu yake ndiyo huwekwa picha za jamaa, wakiwemo waliotumikia jeshi.

Mapambo yenyewe hayahitaji gharama kubwa: maua meupe ndani ya chupa za kioo, vibendera vidogo, na kitambaa cha rangi tatu kilichokunjwa mithili ya kipepeo cha mkono.

Hata hivyo, kuna mipaka. Kanuni za bendera, zilizoidhinishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1942, zinasema bendera yenyewe isigeuzwe pazia wala kitambaa cha kutandika. Anayetaka kutandaza rangi hizo kwenye rafu atumie kitambaa cha kawaida, buluu ikiwa juu, nyeupe katikati na nyekundu chini. Bendera ikitundikwa ukutani juu ya meko, sehemu yenye nyota 50 huwa juu, upande wa kushoto wa anayeitazama. Kadhalika, kanuni hizo zinakataza bendera kuchapishwa kwenye karatasi za kupangusia mikono, japo maduka huziuza kwa wingi kila msimu.

Raia anayekiuka kanuni hizo haadhibiwi. Mwaka 1989, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata kuichoma bendera kwa kulalamika ni uhuru wa kujieleza unaolindwa na Katiba. Kwa hivyo heshima hiyo imeachiwa dhamiri ya kila mmoja.

Wala si wote wanaoipokea siku hiyo kwa moyo mmoja. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, aliwauliza wasikilizaji wake mjini Rochester mnamo Julai 5, 1852, sikukuu hiyo ilikuwa na maana gani kwa mtumwa. Tangu mwaka 2021, Juni 19 pia ni sikukuu ya taifa zima, kuukumbuka ukombozi wa watumwa uliotangazwa Texas mwaka 1865. Wapo wanaoacha mapambo yao yakae rafuni kwa sikukuu zote mbili, na picha za mababu zikawa katikati.

Lililo muhimu kuliko yote ni usalama. Vitambaa na karatasi visining'inie mbele ya meko iwapo moto utawashwa, na mishumaa iwe umbali wa angalau sentimita 30 kutoka kwa chochote kinachoweza kushika moto. Taa ndogo za betri hutosha.

Sikukuu ikipita, bendera hukunjwa na kuhifadhiwa. Iliyochakaa haitupwi jaani. Kanuni zinapendekeza ichomwe kwa heshima. Tendo la kuichoma ni lile lile lililofikishwa mahakamani. Kinachotofautiana ni nia ya mwenye kuushika moto.