Oman: Mshitakiwa, wakili wake na lugha ya mahakama

Mji wa Qurayyat uko kwenye pwani ya Ghuba ya Oman, zaidi ya kilomita 80 kusini-mashariki mwa Muscat. Ni mji wa wavuvi, wenye ngome kongwe, na wanahistoria wanaukumbuka kwa mwaka 1507, pale Wareno chini ya Afonso de Albuquerque walipouvamia na kuuteketeza.

Leo Qurayyat ni wilaya mojawapo ya mkoa wa Muscat, nayo ina mahakama yake ya mwanzo.

Kwa msikilizaji wa Tanga au Unguja, jina hilo la mahakama halina ugeni wowote. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Msamiati wa sheria wa Kiswahili, kwa sehemu kubwa, umetoka katika Kiarabu: mahakama, hukumu, shahidi, dhamana, tuhuma, jinai. Mtu kutoka Afrika Mashariki anayekamatwa Oman huyasikia maneno hayo, akadhani ameelewa yanayosemwa juu yake.

Mara nyingi hajaelewa.

Maneno yale yale, maana nyingine

Chukua neno jinai. Kwa Kiswahili kila kosa analoshitakiwa mtu na dola ni la jinai, liwe wizi wa kuku au mauaji. Katika sheria ya Oman, jinaya ni daraja la juu tu la makosa, lile ambalo adhabu yake huanzia kifungo cha miaka mitatu na kuweza kufika kifo. Chini yake kuna junha, na chini zaidi makosa madogo yaitwayo mukhalafa.

Tofauti hiyo huamua mengi: nani atasikiliza kesi, mtu atakaa mahabusu muda gani, na kama atapewa wakili kwa gharama ya serikali. Junha inaweza kuamuliwa na hakimu mmoja katika mahakama ya mwanzo kama ile ya Qurayyat. Jinaya husikilizwa na majaji watatu.

Hata neno wakili lenyewe ni mtego. Nchini Oman mwanasheria anayesimama mahakamani huitwa muhami, kutokana na asili moja na neno la Kiarabu la himaya, yaani hifadhi. Wakili kwa Waarabu ni mtu yeyote aliyepewa wakala, hata wa kumuuzia mwenzake gari. Muhami naye hawezi kufanya lolote mpaka mteja wake amsainie hati ya wakala. Na mteja akiwa mahabusu, hati hiyo huwa ndiyo kazi ya kwanza.

Saa za mwanzo

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1999 inawataka polisi wamfikishe mtuhumiwa kwa Mwendesha Mashtaka wa Umma ndani ya saa 48. Mwendesha mashtaka naye ana saa 24 za kumhoji, kisha aamue kumwachia au kumweka ndani.

Mtuhumiwa ana haki ya kuwa na muhami wakati wa mahojiano hayo. Ila sheria inaongeza sharti ambalo mawakili wa Nairobi au Dar es Salaam wangelipinga vikali: muhami haruhusiwi kusema isipokuwa kwa idhini ya mwendesha mashtaka. Anakaa, anasikiliza, anaandika. Akinyimwa nafasi ya kusema, ataomba jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu.

Wapo wanaouliza: sasa kuna faida gani ya kuwepo? Faida ipo. Maelezo ya mtuhumiwa huandikwa kwa Kiarabu na kutiwa saini. Mtu asiyesoma Kiarabu huweka saini, au dole gumba, chini ya maneno ya mkalimani. Kuwepo kwa muhami anayeyasoma maandishi hayo kabla ya kalamu kushikwa kunaweza kuwa na thamani kuliko hotuba yoyote itakayotolewa baadaye mahakamani.

Utetezi wa kalamu

Aliyezoea kesi za Afrika Mashariki, urithi wa Waingereza, hutarajia kumwona wakili akimbana shahidi kwa maswali. Mjini Muscat ataona jambo la kimya zaidi. Mfumo wa mahakama za Oman, kama wa nchi nyingi za Kiarabu, umeathiriwa sana na ule wa Misri, ambao nao ulichota kutoka Ufaransa. Maswali kwa mashahidi hupitia kwa jaji. Kazi kubwa ya muhami ni mudhakira, yaani waraka wa hoja anaouwasilisha kwa majaji: upekuzi ulifanyika bila kibali, maelezo ya shahidi yanapingana, nia ya kosa haikuthibitishwa.

Ndiyo maana ndugu wa mshitakiwa hulalamika kwamba wakili wao hakusema kitu. Huenda alisema mengi, kwa maandishi.

Katiba ya nchi hiyo, Sheria ya Msingi ya Dola ya mwaka 1996 iliyofuatiwa na nyingine mwaka 2021, inamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na inaahidi msaada kwa asiye na uwezo wa kujitetea. Mahakama humpatia wakili maskini anayekabiliwa na kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Aliye na kosa dogo kuliko hilo hujitegemea. Na makosa madogo ndiyo yanayowaangukia wageni wengi.

Mtumishi wa nyumbani ni mfano. Mwezi Novemba mwaka 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Baadhi walieleza kuwa walipotoroka mateso, waajiri waliwageuzia kibao kwa kuwashitaki kwa kutoroka au kwa wizi. Aliyekuja polisi kulalamika akajikuta mtuhumiwa, huku hati yake ya kusafiria ikiwa mikononi mwa mwajiri.

Dereva naye ana mkasa wake. Barabara kuu ya pwani kutoka Qurayyat kwenda Sur ina magari ya mwendo wa kasi, na aliyesababisha kifo kwa uzembe hushitakiwa. Hapo muhami huwa na kesi mbili ndani ya moja: adhabu inayodaiwa na dola, na diya inayodaiwa na warithi wa marehemu, ambayo amri ya Sultani ya mwaka 2008 iliiweka kuwa riali 15,000.

Wakili anapokuwa mshitakiwa

Kuna kesi ambazo mawakili wa Oman huzichukua wakijua uzito wake. Tarehe 31 Mei mwaka 2012, mwanasheria Yaqoub al-Kharusi alikamatwa pamoja na watetezi wengine wawili wa haki za binadamu walipokuwa njiani kuwaona wafanyakazi waliogoma katika eneo la mafuta la Fahud. Siku chache baadaye mwanasheria mwingine, Basma al-Kiyumi, alikamatwa katika mkusanyiko wa kupinga ukamataji huo. Msamaha wa Sultani Qaboos uliwafikia waliohukumiwa katika kesi za wakati ule mwezi Machi mwaka 2013.

Kisha likaja suala la gazeti la Azamn. Mwaka 2016 gazeti hilo lilichapisha habari za tuhuma dhidi ya wakubwa wa mahakama yenyewe. Mhariri wake mkuu, Ibrahim al-Maamari, alikamatwa na gazeti likafungwa. Mahakama ya kwanza ilimpa miaka mitatu. Katika rufaa ya mwezi Disemba, kifungo kilishuka hadi miezi sita, mwandishi mmoja, Zaher al-Abri, akaachiwa huru kabisa, na amri ya kulifunga gazeti ikatenguliwa.

Hukumu ile ilionyesha kwamba utetezi Oman si sherehe tupu. Lakini mwezi Oktoba mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliridhia gazeti libaki limefungwa. Ni vigumu kuzitenganisha habari hizo mbili, na asiyetaja ile ya pili hajasema ukweli wote.

Mawakili hao wana upande mwingine usiofahamika sana nje. Jumuiya ya Mawakili ya Oman huendesha mpango uitwao Fak Kurba, ulioanza mwaka 2012, wa kukusanya michango na kuwalipia madeni watu waliofungwa kwa kushindwa kulipa. Maelfu wametoka gerezani kwa njia hiyo, wengi wakati wa Ramadhani.

Kwa aliyehukumiwa, rufaa ya jinai ina muda wa siku 30. Ndugu walioko Pemba au Mombasa mara nyingi hupata habari siku zikiwa zimeshapungua. Kinachohitajika hapo ni namba ya kesi na nakala ya hukumu ya Kiarabu. Balozi za Tanzania na Kenya mjini Muscat huulizia vitu hivyo kwanza, na muhami yeyote hawezi kuanza bila ya hivyo.